Ajali Haina Kinga?

Maneno ya kusoma: Kumbukumbu la Torati 22:8, Mathayo 4:5-7, Luka 13:4-5.



Kwa muda wa miezi mingi hamkuona maneno yetu katika kurasa hizi, na wengi mmeuliza habari zetu. Wengine mmefika hata nyumbani kwetu hapa Kipawa, mkatukuta kitandani, mkakaa nasi, huku ndege zikipita juu ya bati na kutunyamazisha sote mara kwa mara. Twawashukuru. Leo twaandika tukiwa tumeketi kitini, na fimbo imeegemea ukutani. Twataka kuwapa habari ya anguko letu, wala si kwa kutafuta kuhurumiwa. Maana katika anguko lile lilikuwamo kosa, na kosa la mchungaji likifichwa huzaa makosa mengine katika kundi.

Someni kwanza mstari ule wa Torati. Katika nchi ile paa za nyumba zilikuwa tambarare. Watu walipanda juu kupunga upepo, kuanika kitani, hata kulala. Basi Mungu, yeye aliyetoa sheria za madhabahu na za sikukuu, hakuona kuwa ni jambo dogo kutoa na sheria ya ukingo wa kuwazuia watu wasianguke. Na mwenye nyumba asiyeujenga alihesabiwa kuwa na hatia, mtu akianguka. Mstari huu tuliusoma chuoni zamani, tukaupita upesi kama watu wapitao kijiji kisicho na duka. Sasa tumeurudia tukichechemea.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka juzi, siku za mvua za vuli, tuliitwa kwenye maziko katika mtaa mmoja wa upande wa Kisarawe. Njia ile twaipenda. Ukitoka Kipawa kwa barabara ya Nyerere, wapita Ukonga na Gongo la Mboto, hata wafika Pugu, ndipo nchi yaanza kuinuka na hewa kubadilika. Kule juu wamisionari wa Berlin walifungua kituo mwaka 1892, wakakiita kwa lugha yao Hoffnungshöhe, maana yake Kilima cha Tumaini. Sisi tulikwenda kwa baiskeli ya milimani, yenye matairi manene ya meno na springi mbele, ambayo rafiki alituachia alipohama. Kwa miaka mitatu tulikuwa tumeizoea, tukapita nayo vijia vya msituni. Na tuseme kweli, tulikuwa tukijisifu kidogo ya kwamba mtu wa miaka arobaini na mitano aweza kuwaacha vijana nyuma.

Baada ya maziko, mwinjilisti mzee wa mtaa ule aliishika baiskeli yetu, akabana breki ya nyuma kwa mkono wake, akatikisa kichwa. Akasema, "Mchungaji, breki hii imekufa. Shuka kwa miguu mpaka bondeni, au ulale kwetu uende kesho." Tukacheka, tukamjibu, "Mungu atatulinda, mzee wangu." Tena kofia ngumu ya kukinga kichwa tulikuwa nayo, lakini ilibaki nyumbani imetundikwa msumarini, kwa sababu ya joto, na kwa sababu tuliona si heshima mchungaji kufika msibani na kofia ya namna ile.

Tukaiacha barabara kuu, tukashika njia ya mkato ishukayo mlimani. Mvua ya usiku ilikuwa imechimba mfereji katikati ya njia, na kokoto zimelegea. Baiskeli ikashika kasi. Tulipouona mfereji tulibana breki zote mbili kwa nguvu: ya nyuma haikushika, na ya mbele ikashika ghafula. Gurudumu la mbele likasimama, nasi tukarushwa juu ya usukani.

Tulipofumbua macho tuliuona mguu wetu wa kushoto umepinda mahali pasipo na kiungo. Mtulinga wa kuume ulikuwa umevunjika, na damu ilitoka kichwani ikaingia jichoni. Hatujui tulilala pale muda gani. Ndipo akaja kijana mmoja apelekaye mkaa mjini, ana magunia matatu juu ya baiskeli yake. Akaegemeza mzigo wake mtini, akasema, "Usiinuke, mzee. Tulia hivyo hivyo." Akavua shati lake, akalikandamiza juu ya jeraha la kichwa. Akakata vijiti viwili, akaufunga mguu kama alivyoukuta, asijaribu kuunyosha. Akapiga simu, akakaa nasi hata gari likaja. Ilipofika saa ya alasiri alisali pale kando ya njia, maana ni Mwislamu, kisha akarudi kutushika kichwa. Mkaa wake haukufika sokoni siku ile.

Wazee wetu walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Watoto wa shule ya Jumapili walipokuja kututazama, mmoja aliikumbuka methali ile akaanza kuitaja, dada yake akamziba mdomo. Tukamwambia amwache aseme yote.

Sasa, ndugu, katika siku za kulala kwetu watu walituletea maneno matatu ya kutufariji. Yote matatu yalitoka katika mioyo ya wema. Hata hivyo imetupasa kuyapima.

Neno la kwanza ni hili: "Ajali haina kinga." Ndilo lisemwalo po pote katika mji huu, kila mtu aangukapo. Katika neno hili mna kweli, nasi tutairudia. Lakini likisemwa juu ya breki ambayo mwenyewe ajua kuwa imekufa, na juu ya kofia iliyoachwa msumarini, latumika kama shuka la kufunikia uvivu. Katika Katekisimo Ndogo, Luther anapoeleza amri ya tano, hakomi kusema kwamba tusimdhuru jirani; afundisha kwamba yatupasa kumsaidia katika kila haja ya mwili wake. Na mwili wetu nao si mali yetu ya kuchezea. Una mke auhitajiye, una watoto, una usharika. Shetani alipomweka Bwana juu ya kinara cha hekalu, alimletea maneno ya Zaburi kwamba malaika watamchukua. Naye Bwana alikataa kujitupa. Basi jibu letu kwa mwinjilisti mzee, "Mungu atatulinda," lilikuwa neno la kinarani lililovikwa kanzu ya imani. Aliyemjaribu Mungu njiani siku ile alikuwa mchungaji mwenyewe.

Neno la pili lililetwa usiku, kwa sauti ya chini: "Huu ni mkono wa mtu." Mtu mmoja, jina lake hatulitaji, alijitolea kutupeleka kwa mpiga ramli ili tumjue adui yetu. Tulimwomba aende uani akaitazame baiskeli. Raba ya breki ya nyuma ilikuwa imekwisha, chuma kinasugua rimu. Ni nani aliyeimaliza? Ni sisi, kwa safari zetu, wala hatukununua nyingine, ingawa bei yake haizidi bei ya chakula cha mchana. Tukimtafuta mchawi kwa jambo kama hili, twamshuhudia jirani uongo, na amri ya nane yakataza. Twajua ya kuwa katika nchi yetu vikongwe wameuawa kwa neno la namna hii. Tafadhali, wainjilisti, mlisikiapo msilipite kimya.

Neno la tatu ndilo lililotupendeza: "Mungu amekuokoa kwa kuwa wewe ni mtumishi wake." Tulilikubali kwa siku tatu. Katika chumba kile cha hospitali, kitanda cha pili, alilala kijana wa bodaboda, wa miaka ishirini na miwili, aliyeanguka bila kofia akaumia ubongo. Mama yake aliketi kando yake mchana na usiku. Tuliomba pamoja naye kila jioni. Usiku wa nne kijana akafariki. Asubuhi, alipokuwa akikunja kanga zake, alitugeukia akasema, "Baba, uliomba kwa ajili yetu sote. Mbona wewe umebaki?" Hakusema kwa hasira, aliuliza kama mtu aulizaye njia.

Ndugu, chuoni tulisoma vitabu juu ya swali hili, tukafanya mtihani, tukafaulu. Siku ile hatukuwa na neno. Tulilia, naye akalia, kisha akaja mtu kumwita kwa habari za mwili wa mwanawe. Tangu hapo hatuthubutu kusema kwamba Mungu alituchagua sisi akamwacha yule. Bwana wetu alipowataja watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu, hakukubali kupima dhambi za wafu ili kuwapa waliobaki sababu ya kujisifu. Alizielekeza nyuso za waliobaki kwenye toba. Nasi toba yetu ilianza na breki.

Wala mtu asidhani kwamba panapo ukingo hapana aangukaye. Mwaka 2022, mwezi wa Agosti, Suleiman Kangangi, mwendesha baiskeli mashuhuri wa Kenya, nahodha wa kikosi kiitwacho Amani, alianguka kwa kasi katika mashindano ya njia za changarawe huko Vermont, Marekani, akafariki akiwa na miaka 33. Huyu hakuwa mgeni wa baiskeli. Ilikuwa kazi yake, naye alijitahidi sana kuwafungulia vijana wa Afrika Mashariki mlango wa mashindano makubwa ya dunia. Juu ya kifo cha namna hii, waliosema ajali haina kinga wamesema kweli, nasi twainamisha kichwa. Basi tutenge mambo mawili. Iko hatari ibakiyo baada ya mtu kujenga ukingo wake wote: hiyo twamwachia Mungu, wala haitupasi kuulizana sana. Tena iko hatari ibakiyo kwa sababu hatukujenga: hiyo ni deni letu, na kumtwika Mungu deni hilo ni kumsingizia.

Na ukingo una faida iliyo dhahiri. Mwaka 2016 wataalamu wawili wa Australia, Olivier na Creighton, walikusanya uchunguzi 40 wa habari za waendesha baiskeli zaidi ya 64,000 walioumia. Wakaona ya kuwa kwa wale waliovaa kofia ngumu, hatari ya jeraha kubwa la kichwa ilipungua kwa zaidi ya sehemu mbili katika tatu. Shirika la Afya la Dunia nalo lilihesabu ya kuwa katika mwaka 2021 watu wapatao 1,190,000 walikufa kwa ajali za barabarani duniani kote. Mtu na asituambie kwamba kofia ni jambo la wazungu wa mashindano.

Kwa hiyo twawaandikia mambo machache ya kufuata, hasa ninyi wainjilisti mwendao kwa baiskeli toka mtaa hata mtaa.

Kabla ya kuondoka, bana breki moja moja na kuisukuma baiskeli mbele: gurudumu likizunguka, usiende. Bonyeza matairi, tazama mnyororo, shika gurudumu ulitikise uone kama nati zimekaza. Kofia na ikae sawa juu ya paji la uso, si kisogoni. Upana wa vidole viwili juu ya nyusi watosha, na ukanda ukazwe chini ya kidevu. Kofia iliyokwisha kupigwa kwa anguko kubwa itupwe, hata kama ufa hauonekani. Waambie wa nyumbani njia utakayopita. Na njia za msituni ni vema kwenda wawili.

Ukishuka mlima, punguza mwendo kabla ya kona na kabla ya kokoto, si ukiwa katikati yake. Bana breki zote mbili kwa upole, wala usiitegemee ya mbele peke yake kwa ghafula. Simama juu ya pedali zikiwa sawasawa, rudisha uzito nyuma, macho yatazame mbali mbele, si kwenye gurudumu. Na njia ikikushinda, shuka utembee. Hapana aibu katika kutembea. Sisi tuliona haya kutembea nusu saa, tukakosa kutembea miezi mitano.

Ukimkuta mtu aliyeanguka, fanya kama kijana yule wa mkaa. Usimwinue upesi, hasa akilalamika shingo au mgongo. Kandamiza jeraha litokalo damu kwa kitambaa safi. Kiungo kilichovunjika ukifunge na banzi kama ulivyokikuta. Aliyepigwa kichwa, akitapika, akisinzia pasipo kuamka vizuri, akichanganya maneno, au mboni za macho zisipolingana, apelekwe hospitali mara hiyo hiyo, ijapokuwa asema kwamba hajambo. Wala jeraha lililoingia udongo lisidharauliwe, kwa ajili ya pepopunda.

Tena kuna neno kwa wanaougua. Madaktari walitia chuma ndani ya mfupa wa goko letu, wakatueleza jinsi mfupa unavyojiunga. Kwanza damu huganda mahali palipovunjika. Kisha huota kitu laini kama gegedu. Baada ya majuma kadhaa hicho hugeuka kuwa mfupa mgumu. Na kazi ya kuutengeneza upate umbo lake huendelea miezi mingi, hata miaka. Tumbaku huichelewesha kazi hiyo. Tena mfupa hupata nguvu zake kwa kubebeshwa uzito kidogo kidogo: ukiulaza siku zote hudhoofika, ukiutwika mapema mno huharibika.

Sisi hatukuwa na subira. Kwa sababu ya mtulinga hatukuweza kushika magongo, ikawa hatuna budi kulala na kuoshwa na wengine kama mtoto mchanga. Jambo hili lilitushinda kuliko maumivu. Tuliosha wagonjwa wengi katika utumishi wetu, wala hatukujua ya kuwa kuoshwa ni kazi ngumu zaidi. Tukamfahamu Petro, jinsi alivyoivuta miguu yake nyuma mbele ya beseni. Hata juma la sita, nyumbani pasipo mtu, tulijaribu kusimama wenyewe, tukaanguka kati ya kitanda na ukuta. Mke wetu alipotukuta hakupiga kelele. Alisema tu, "Baba, ulishuka mlima kwa haraka, na sasa wataka kupona kwa haraka." Tangu siku ile tulifanya mazoezi yote tuliyoagizwa, hesabu kwa hesabu, wala hatukuongeza.

Mguu ulipopona, ilibaki hofu. Mlio wa mnyororo barabarani ulitosha kutulowesha jasho. Tulianza uani mwa kanisa, Jumamosi, mahali pa tambarare, watoto wakitushangilia. Tukazunguka mara tatu, tukashuka, tukaketi, mikono ikitetemeka. Juma lililofuata mara tano. Mtu asimwonee haya mwenye hofu ya namna hii, wala asimharakishe. Yakobo alitoka Penieli akichechemea, naye alikuwa amebarikiwa.

Mwezi uliopita tulipanda tena kwa mwinjilisti mzee. Tulimwungama kwamba neno lake lilikuwa kweli na jibu letu lilikuwa kiburi. Hakujibu. Aliishika baiskeli, akabana breki ya mbele, akabana ya nyuma, akaipa kofia yetu pigo moja la kidole, akasema, "Karibu chai."

Tukiwa njiani kurudi tulimtafuta kijana wa mkaa, tukampata Pugu. Tulitaka kumlipa shati lake na mkaa wa siku ile. Shati alikubali, mkaa akakataa. Ndipo tulipoitazama baiskeli yake. Haikuwa na breki hata moja. Mlimani, na magunia matatu nyuma yake, huisimamisha kwa kukanyaga tairi kwa ndala. Mtu aliyetuokoa alikuwa akishuka kila siku mlima ule ule uliotuvunja, naye hana ukingo, kwa kuwa hela ya raba na waya ndiyo hela ya unga.

Tulirudi tukaliweka jambo hili mbele ya wazee wa kanisa. Sasa Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi fundi huketi chini ya mwembe wa kanisa letu, na sanduku la raba na waya zilizonunuliwa kwa sadaka, akitengeneza breki za ye yote ajaye, Mkristo au Mwislamu, pasipo malipo. Siku ya kwanza walikuja watu tisa. Kijana wa mkaa alikuja wa mwisho, akazijaribu breki zake kuzunguka uwanja, akacheka, akasema amezoea ndala. Lakini alikwenda nazo.

Tunaziomba sharika zenye nafasi zifanye vivyo hivyo. Na yule mama, ambaye hatujui aishipo, twamkumbuka kila jioni, nanyi mkumbukeni.

Na tuombe. Ee Baba, uliyetupa miili hii na kutuagiza kuitunza, utusamehe kwa kila ukingo tuliouacha bila kujengwa. Uwaangalie waendao njiani leo. Uwape subira walalao kitandani. Waliofiwa uwakaribie wewe mwenyewe, mahali ambapo maneno yetu hayafiki. Kwa ajili ya Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.